Huyu si mnyama wa kushikwa

SWALI: Assalamu alaykum, mzee wangu. Nafanya kazi kwenye nyumba ya wageni huku Jambiani. Bustanini tuna kobe, vinyonga na chatu mmoja, na mimi ndiye ninayewalisha. Tajiri wangu amepania kuleta kenge mkubwa wa miti kutoka New Guinea, yule mweusi mwenye madoa ya manjano. Anasema atanunua mdogo nimzoeshe mkono, na kwa kuwa nchi yetu ni ya joto, kazi haitakuwa kubwa. Mimi nimesikia ni mkali sana. Naomba unieleze nyumba yake iweje, ale nini, na kama kweli atazoea.

JIBU: Waalaykum salaam, mwanangu. Nimefurahi sana kwamba umeuliza mapema. Wengi hunitafuta mnyama yumo ndani tayari na mkono umeshashonwa.

Nianze na lililo zito. Kenge huyu hazoei mkono kama tajiri wako anavyodhani, na wewe usikubali kazi hii mpaka nyumba yake imesimama na imejaribiwa ikiwa tupu. Nimewatunza wawili, dume na jike, kwa miaka tisa ughaibuni, kwenye bustani ya mtu mmoja mwenye mali. Kila nilichojifunza kwao kinarudi kwenye nyumba. Nyumba ikiwa sawa, unaweza kumlisha miaka mingi usipate hata mchubuko. Ikiwa mbovu, ushujaa wako hautakufaa kitu.

Kwanza tumjue tunayemzungumza. Kitaalamu anaitwa Varanus salvadorii. Peters na Doria ndio waliomwelezea mara ya kwanza, mwaka 1878, wakampa jina la Tommaso Salvadori, Mtaliana aliyekuwa bingwa wa ndege. Kwao ni kisiwa cha New Guinea tu, upande wa Indonesia na upande wa Papua New Guinea, kwenye misitu ya tambarare na mikoko. Mimi humwita kenge-mamba, ingawa na mamba hawana udugu wa karibu. Ni wa ukoo mmoja na kenge wetu huyu anayeiba mayai ya kuku mashamba. Lakini kenge wetu ni wa maji na wa chini, akishtuka hukimbilia dimbwini au kichakani. Yule ni wa juu. Akishtuka hupanda, na kama kitu cha kupanda kilicho karibu ni wewe, atakupanda wewe.

Theluthi mbili za urefu wake ni mkia. Mkubwa hupita mita mbili, na wapo waliopimwa wakakaribia mbili na nusu. Utasikia habari za mita nne, lakini hakuna aliyewahi kuweka kipimo akathibitisha. Joka la Komodo, yule kenge mkubwa wa Indonesia, ni zito kuliko yeye kwa mbali, hufika kilo 70. Huyu ni mwembamba, ameumbwa kwa kuparamia, kuruka na kunasa. Mkia hujizungusha kwenye tawi kama kamba ya mkwezi, na akiukunja ubavuni kwa hasira, jua kwamba bakora inakuja. Nimechapwa juu ya fulana na alama ikakaa siku nne. Kucha zake ni kulabu. Na meno: kenge wengine meno yao yamepinda kuelekea nyuma, yake ni marefu na yamenyooka wima. Ndiyo yanayomwezesha kupenya manyoya ya ndege akamshika asitoke.

Watu husema ni mkali. Mimi baada ya miaka tisa nasema ana woga mwingi na silaha nyingi. Huyo wa porini ndege hupita juu yake na nguruwe hupita chini yake, na kila kitu kikubwa kinachomkaribia kinataka kumla. Ukimwingilia kwenye tundu asilo na pa kukimbilia, hukuhesabu wewe miongoni mwa hao. Hafanyi ukorofi, anajiokoa.

Nikueleze siku niliyoumwa, maana ndiyo iliyonifunza ujenzi. Tundu nililokuta lilikuwa la chumba kimoja na mlango mmoja. Mwenyewe alilijenga ili lipendeze kwa wageni, nami nilikuwa nimesema mara mbili kwamba halifai, sikusikilizwa. Asubuhi hiyo niliingia kubadilisha maji. Jike alikuwa juu ya tawi, kichwa chini, miguu ya nyuma imegeuka visigino mbele na kucha zimezama kwenye gamba la mti, yaani alikuwa amening'inia kama nguo iliyoanikwa. Nikaona koo lake linatuna. Halafu ikaja ile sauti, fyuuuu ndefu, kama tairi la gari linalotolewa upepo. Nazijua dalili hizo, nikarudi nyuma hatua moja, kumbe kwa kurudi nyuma nimesimama mlangoni, na mlango ndio njia yake pekee. Sikuona akiruka. Nilichoona ni kichwa kimeshashika mkono wangu wa kulia, baina ya kidole gumba na cha shahada, kisha ameachia na yuko juu tena. Muda wake wote haukufika kuvuta pumzi mbili. Nyama ilifunguka kama samaki anavyopasuliwa. Nyuzi kumi na nne, na kidole gumba mpaka leo hakikunji chote. Mnyama simlaumu hata chembe. Alikuwa na mlango mmoja na mimi nimesimama ndani yake.

Kwa hiyo nyumba yake, mwanangu, iwe ya vyumba viwili. Kikubwa ni cha mchana: urefu mita 6, upana mita 4, kimo mita 4. Vipimo vikipungua sana hapo, mkia utagonga ukuta kila akigeuka, na ncha yake itaoza. Cha pili ni cha usiku, kidogo, cha matofali, kimeezekwa vizuri. Baina yao uweke mlango wa chuma unaoteleza kwenye reli, unaovutwa kwa waya na kapi, na wewe ukiwa nje. Asubuhi unamlaza kwanza chumba cha usiku, unashusha mlango, unatia pini na kufuli, kisha unahesabu kwa sauti: kenge mmoja namwona, mlango umeshuka, pini imeingia. Bila ya kumwona kwa macho yako, usiingie. Usiseme "lazima yumo ndani ya mzinga". Mtazame.

Mlango wako wewe wa kuingilia uwe na kijiukumbi chenye milango miwili. Wa ndani haufunguliwi mpaka wa nje umefungwa. Na yote ifunguke kuelekea ndani, ili yeye akiusukuma awe anaufunga.

Wavu wa kuku usiufikirie kabisa, ataupasua kwa kucha. Tafuta wavu wa chuma uliochomelewa, wenye matundu ya nusu inchi, juu ya fremu ya bomba za mraba. Huko kwenu Jambiani pana adui mwingine: chumvi ya bahari. Chuma kinacholika Dodoma kwa miaka kumi, pwani ya mashariki kinaweza kuliwa kwa miwili. Pale fundi anapochomelea ndipo kutu huanza, kwa sababu moto umeondoa zinki. Mwambie akwangue kila kiungo, apake rangi ya kuzuia kutu tabaka mbili, na wewe kila mwezi uvigonge viungo kwa nyundo ndogo, kimoja kimoja. Kilichooza utakisikia, sauti yake ni ya bati bovu.

Tena usimwachie wavu mpaka chini. Kenge hawa wakiona nje hutafuta njia, husugua pua kwenye wavu mchana kutwa mpaka ngozi inatoka na fizi inaonekana. Kidonda hicho kikiingia mfupani ni kazi kukiponya. Jenga ukuta wa lipu laini mpaka kimo cha mita moja na nusu, wavu uanzie hapo. Na upande mmoja mzima uwe ukuta hadi juu, asione mtu wala asionwe. Wageni watasimama upande mmoja tu, nyuma ya kizuizi, mita mbili mbali. Mnyama anayetazamwa pande zote nne hapumziki, na asiyepumzika hali.

Chini mwaga zege, kisha juu yake udongo wa nusu mita uliochanganywa na mchanga na majani makavu. Zege inazuia asichimbe akatoka na panya wasichimbe wakaingia. Udongo ni kwa ajili ya jike: anaweza kushika mayai hata bila ya dume, na asipopata pa kuchimba mayai humkwama tumboni, na hufa. Ndani funga matawi manene ya muembe au mfenesi, unene wa paja, mengine ya kulala na mengine ya kupanda, na yafungwe kwa bolti, sio kamba.

Kisha mtundikie mzinga. Nasema mzinga huu huu wa gogo wa kufugia nyuki, ila mrefu zaidi na tundu lake kubwa zaidi, ufungwe juu kabisa penye kivuli. Kwangu ndio uliobadilisha kila kitu. Baada ya ajali yangu tundu lilijengwa upya, nikaomba mzinga. Yule jike aliingia akakaa humo siku kumi na mbili, hakula. Siku ya kumi na tatu nikaona ncha ya pua kwenye tundu, ile pua yake nene butu, na ulimi unatoka na kuingia, unatoka na kuingia, unanusa asubuhi. Tangu siku hiyo hakunipigia tena ile fyuuuu, kwa sababu alikuwa na pahala pa kurudi.

Sasa joto. Tajiri wako hapa amesema nusu ya kweli. Unguja iko nyuzi 6 kusini mwa ikweta, na New Guinea ndiko huko huko, inaanzia karibu na mstari na kushuka hadi nyuzi kumi na ushei. Hewa ya nyuzi 27 mpaka 32 anayoitaka tunayo. Jua letu lina mionzi ile inayompa vitamini D na kumkomaza mifupa, wakati kule nilikokuwa tulinunua taa za mionzi kwa bei ya dhahabu na kuzibadilisha kila mwaka. Kwa hiyo sehemu ya paa iachwe wavu mtupu, jua liingie. Chini yake weka jiwe pana au bamba la zege karibu na tawi. Jiwe hilo saa nne asubuhi lipande hadi nyuzi 50 au zaidi, na hapo ndipo atakapojianika, apate moto wa kusaga chakula, kisha aondoke. Hilo la kuondoka ndilo watu hulisahau. Kaskazi ikikaza, mwezi wa Januari na Februari, tundu lisilo na kivuli kizito humuua kwa saa chache. Funika nusu nyingine ya paa kwa makuti na ununue vipimajoto vitatu: kimoja penye jua, kimoja kivulini, kimoja ndani ya mzinga.

Unyevu anautaka mwingi. Mnyunyizie maji kwa mpira asubuhi na jioni, matawi yote yalowe, na mjengee birika la saruji pana la kuweza kuzama mwili wake, lenye tundu la kutolea maji machafu kwa nje. Kenge huyu akikosa maji ya kutosha figo humharibikia polepole, na dalili huzioni mpaka mambo yameshaharibika. Lakini usitegemee pampu ya umeme. Wewe huenda ulikuwa mdogo, lakini sisi hatujaisahau ile Desemba 2009 hadi Machi 2010, Unguja nzima bila ya umeme. Weka tangi juu ya mnara, maji yashuke yenyewe. Kwenye masika, siku zikifuatana bila ya jua, taa ya joto katika chumba cha usiku itasaidia, na uwe na jenereta ya akiba.

Chakula sitakaa nacho sana. Mpe mnyama mzima, mwenye mifupa na matumbo yake: panya, vifaranga, yai mara moja moja. Nyama tupu ya ng'ombe haina kalisi ya kutosha, na kenge mdogo aliyelelewa kwa steki huota miguu iliyopinda na taya laini kama mpira. Mdogo hula karibu kila siku, wadudu wakubwa na panya wachanga. Aliyekomaa mara moja au mbili kwa wiki inatosha, na kunenepa kwake ni maradhi, si afya. Panya usiwakamate mitaani wala usinunue kwa watoto. Huwezi kujua nani amekula sumu, na sumu ile inaendelea kwa anayemla. Wafuge mwenyewe, ndani ya tundu lao safi. Jambo moja la kwetu: kagua majimoto, wale chungu wekundu wa mitini. Wakijenga kiota kwenye tawi linalogusa tundu watamwingia machoni na kwenye kidonda chochote. Kata kila tawi linalogusa wavu.

Umeuliza kama atazoea. Atakuzoea wewe, saa zako na nyayo zako. Hatazoea kushikwa, na usijaribu, hata akiwa mdogo wa kukaa kiganjani. Kinachowezekana, na ni kizuri kuliko kumshika, ni kumfundisha. Chukua kijiti kirefu, ncha yake ufunge mpira mwekundu. Kila siku ya kula, uonyeshe mpira kwenye wavu. Akiugusa kwa pua, mpe kipande kwa koleo ndefu, papo hapo. Wale wangu walifahamu katika wiki tatu. Baada ya hapo niliwaita chumba cha usiku kwa kijiti, niliwapandisha kwenye mizani kwa kijiti, nilitazama tumbo na kucha zao kupitia wavuni, na miaka sita ya mwisho sikumgusa hata mmoja. Ana akili kuliko watu wanavyomdhania. Ila ukumbuke: akishajifunza kwamba mkono wako unaleta chakula, mkono nao unakuwa chakula. Ndiyo maana koleo haiachwi hata siku moja.

Ikitokea ajali, usivute. Ukivuta, meno yale yaliyosimama wima ndiyo yanayochana. Wawili muwepo daima, mmoja nje, ili wa pili amwagie maji mengi usoni mpaka aachie. Kisha osha kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni, robo saa nzima kwa kutazama saa, bana kwa kitambaa safi, na nenda spitali siku hiyo hiyo hata kama kidonda kinaonekana kidogo. Mwambie daktari ni mnyama gani, uliza sindano ya pepopunda, na kama kidole hakikunji sema hapo hapo, huenda mshipa umekatika. Usitie jivu, kahawa wala majani. Na hata bila ya kuumwa, nawa mikono kila ukitoka, maana kenge hubeba vijidudu vya kuharisha.

Hapa nina neno la tajiri wako, na nalisema kwa heshima. Huyu mnyama huishi zaidi ya miaka 15. Sote tunaijua hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie. Hoteli zinauzwa, wafanyakazi wanahama. Nani atakuwa na funguo mwaka wa kumi? Na akitoroka, hapa ni kisiwani. Kunguru wa Kihindi aliletwa Unguja miaka ya 1890 asafishe taka, nanyi mnaona anavyowafanya ndege wetu na vifaranga vyetu. Kenge wetu wa Afrika nao walipelekwa Florida kufugwa majumbani, wengine wakatoroka na wengine wakaachiwa, na tangu miaka ya 1990 wanazaliana huko Cape Coral na kuwahangaisha watu. Kenge-mamba hali ya hewa ya hapa inampendeza mno, mawindo yake ni ndege na mayai, na Jozani na kima punju wake haiko mbali na kwenu. Ndiyo maana milango miwili, na ndiyo maana nyundo ya kila mwezi.

Karatasi pia. Yumo kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa mataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, kwa hiyo lazima atoke kwao na kibali, na hapa mlango wa kwanza wa kubisha ni Idara ya Misitu, kabla ya kumlipa mtu yeyote. Mkiuziwa aliyekamatwa porini, atafika na minyoo, amekauka na ameumia pua. Mtengeni miezi mitatu, mpeleke kinyesi chake kwa daktari wa mifugo kipimwe. Mimi ningetaka aliyezaliwa tunduni, mwenye cheti, au nisingemtaka kabisa.

Mpe tajiri wako asome mwenyewe maneno haya. Akisema atajenga chumba kimoja kwanza halafu ataongeza, mwambie huwezi kuichukua kazi, na mimi nitakusemea. Akikubali viwili, nijulishe siku fundi anapopiga msingi. Nitakuja na kamba yangu ya kupimia, kwa sababu pahala pa lile kapi panatakiwa paamuliwe kabla ya ukuta kupanda, na mafundi hupenda kuliweka upande wa ndani.